Mita 34 kutoka majini: kisa cha nyumba ya likizo ya familia kando ya ziwa

Kisa hiki kinahusu nyumba ya likizo niliyoisanifu kwa ajili ya ndugu wanne na mama yao. Majina nimeyaondoa, ziwa na nchi nimeviondoa, na vipimo nimevikadiria hadi tarakimu iliyo karibu. Nimekiandika kwa ajili ya wasanifu wanaoanza kazi, mafundi, na familia zinazopanga kujenga karibu na maji, ili waone tuliamua nini, kwa nini, na nini kilitokea watu walipohamia ndani. Baadhi ya makosa yaliyomo ni yangu mwenyewe, na nitayataja hivyo.

## Usuli

Kiwanja kilikuwa cha baba yao. Alikinunua akiwa kijana, akikipendea miti mitatu mikubwa iliyokuwamo, akafariki kabla hajajenga. Upana wake ni mita 22 na urefu mita 60 kutoka barabarani hadi majini. Ziwa liko upande wa magharibi. Ukianzia majini, mita 30 za kwanza zinapanda taratibu, mita 2 tu kwa jumla. Kisha mteremko unakuwa mkali na mita 30 zilizobaki zinapanda mita 4. Ile miti imesimama karibu na pale mteremko unapobadilika, na matawi yake yanagusana.

Watumiaji walikuwa 17: Mama, mwenye miaka 74 na anayetembea kwa mkongojo, watoto wake wanne, watatu kati yao wakiwa na wenzi, na wajukuu tisa. Wote pamoja wangekutana wiki tano au sita kwa mwaka. Wikendi nyingine angekuja ndugu mmoja na watu wake. Siku zilizosalia, ambazo ndizo nyingi, nyumba ingekuwa imefungwa na mwangalizi wa jirani angepita kuitazama.

Ndugu waliniletea orodha yao ikiwa imekamilika. Vyumba saba vya kulala, kila kimoja kikitazama ziwa. Nyumba ya ghorofa. Ukuta mzima wa vioo upande wa maji. Na nyumba ikae karibu na maji kadiri kanuni za pale zinavyoruhusu, yaani mita 12. Bajeti ilikuwa ya kutosha kwa nyumba nzuri ya ukubwa wa kati; kwa orodha ile haikutosha, lakini wakati huo hakuna aliyetaka kulisikia hilo.

## Mchoro wa kwanza na swali la Mama

Nilichora nilichoombwa. Mita za mraba 290, mita 12 kutoka majini, vioo kutoka kona hadi kona. Nilipouweka mezani, ndugu waliufurahia. Mama alinyamaza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, maji yakirudi yatapita wapi?"

Wanawe walimwambia kwamba ziwa limekuwa palepale tangu wazaliwe. Yeye akasema kwamba kabla kifungua mimba wake hajazaliwa, aliwahi kuona mtumbwi umefungwa kwenye mmoja wa ile miti mitatu. Kifungua mimba, mwanamume wa miaka 50, alikuwa amekaa pale mezani na hakuwa amewahi kusikia habari hiyo.

Wiki iliyofuata nilirudi kiwanjani na mpimaji, na tukamwomba mvuvi mzee wa jirani atuongoze. Alituonyesha mwamba mpakani wenye mstari mweupe uliolala sawasawa, kama alama ambayo maji ya sabuni huiacha kwenye beseni. Chini ya mmoja wa miti tulichimba kwa jembe kiasi cha kiganja, tukakuta tabaka la mchanga laini wa ziwani chini ya udongo mweusi. Mpimaji akaweka darubini yake, akasoma: mstari wa mwambani ulikuwa mita 1.9 juu ya maji ya siku ile.

Pale nilipokuwa nimeiweka nyumba, ardhi ilikuwa sentimita 80 tu juu ya maji, na sakafu niliichora sentimita 30 juu ya ardhi. Maji yale yakirudi, yangesimama sebuleni sentimita 80 juu ya sakafu, yaani juu kidogo ya meza ya kulia.

Nilipaswa kuuliza swali hilo kabla sijashika kalamu. Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko ya mtu mmoja. Ziwa Victoria lilifikia kimo chake cha juu kwenye kipimo cha Jinja, nchini Uganda, mwezi wa Mei 1964, kama mita 13.41, na ilichukua miaka 56 hadi Mei 2020 rekodi hiyo ikavunjwa, kwa tofauti ya sentimita tu. Mtu aliyezaliwa mwaka 1970 kando ya ziwa lile angeweza kujenga, kulea watoto na kukaribia kustaafu akiamini kwamba ufuko anaoujua ndio ufuko wenyewe.

Wala jambo hili haliwapiti wakubwa wa fani yetu. Ludwig Mies van der Rohe alimjengea daktari Edith Farnsworth nyumba ya mapumziko kando ya Mto Fox, huko Plano, Illinois, Marekani, ikakamilika mwaka 1951. Alijua kwamba mto ule hufurika, akainyanyua sakafu takriban mita 1.6 juu ya ardhi. Maji yaliingia ndani mwaka 1954, yakaingia tena 1996 na kuvunja vioo, yakaingia tena 2008. Kwenye kikao cha pili niliwaonyesha ndugu picha za nyumba hiyo ikiwa imezungukwa na maji. Mjadala wa mita 12 uliishia hapo.

## Maamuzi na sababu zake

Mahali na kimo. Tuliirudisha nyumba hadi mita 34 kutoka majini, nyuma ya miti, juu kidogo ya pale mteremko unapoanza kuwa mkali. Ukingo wa mbele wa nyumba uko mahali ambapo ardhi ni mita 2.5 juu ya maji; ukingo wa nyuma, mita 8 baadaye, ardhi imeshafika mita 3.6. Sakafu tuliiweka mita 3.4. Kwa hiyo mbele nyumba imesimama juu ya nguzo kama sentimita 90 kutoka ardhini, na nyuma tulichonga udongo kidogo tu ili mtu aingie bila kukanyaga ngazi hata moja. Hilo lilikuwa kwa ajili ya mkongojo wa Mama. Sakafu iko mita 1.5 juu ya mstari wa mwambani. Mbona mita 1.5 na si nusu yake? Kwa sababu mstari ule unaonyesha maji yaliwahi kufika wapi, na hauahidi kwamba hayatapita hapo. Juu ya maji tuli kuna pia mawimbi.

Nyumba mbili chini ya paa moja. Uamuzi huu ndio ulioniletea raha kuliko yote. Nyumba inayobeba watu 17 kwa wiki sita na watu wanne kwa wikendi chache, kisha inabaki tupu, haifai kuwa kitu kimoja. Tuligawa mita 18 za urefu wake kuwa pande mbili za mita 7.5 kila mmoja, na katikati tukaacha njia pana ya mita 3 iliyo wazi mbele na nyuma, ikiwa chini ya paa lilelile. Upande mmoja una sebule na jiko kwa pamoja, chumba cha Mama, bafu na stoo. Upande wa pili una vyumba vinne vidogo vya kulala, bafu, na juu yake, ndani ya kenchi, dari ya watoto yenye vitanda vinane vya ghorofa. Mjukuu wa tisa, aliye mdogo kuliko wote, hulala na bibi yake. Ndugu mmoja akija peke yake na watu wake, hufungua wanavyohitaji na kwingine kukabaki kumefungwa.

Ile njia ya katikati ilifanya kazi nyingine pia. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na upepo huvuta kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku ardhi hupoa upesi na upepo hugeuka. Njia ile imeelekea moja kwa moja mashariki na magharibi, hivyo hupata hewa nyakati zote mbili. Hapo ndipo tulipoweka meza ndefu ya kulia.

Vyumba visivyo na mwenyewe. Kutoka vyumba saba tulishuka hadi vitano na dari. Viwili tu kati ya vile vinne vidogo vinatazama ziwa. Viwili vinatazama miti ya upande wa barabara. Hapa palikuwa na mvutano mkali. Kaka mkubwa aliona kwamba chumba cha ziwani ni haki yake kwa kuzaliwa kwanza, na mdogo wao wa mwisho akauliza kama yeye atatazama barabara maisha yake yote. Nilipendekeza vyumba vyote vinne viwe na kipimo kimoja, kama mita za mraba 8, viwe na kabati la aina moja, na kisiwe na mwenyewe hata kimoja. Kila mkusanyiko mkuu zamu inasogea. Mama ndiye aliyeamua. Alisema yeye peke yake ndiye mwenye chumba, na siku akiondoka hicho nacho kitaingia kwenye zamu.

Namna ya kulitazama ziwa. Ukuta mzima wa vioo niliukataa, na nilichukua muda kueleza sababu. Mwaka 1923 hadi 1924 msanifu Le Corbusier aliwajengea wazazi wake nyumba ndogo ya mita za mraba zipatazo 60 kando ya Ziwa Geneva, huko Corseaux, Uswisi. Ndani aliweka dirisha moja refu la takriban mita 11. Bustanini, ambako mtu angetarajia ufuko wote uachwe wazi, alijenga ukuta na kutoboa ndani yake tundu moja la mstatili, ili ziwa na milima vionekane kama picha ndani ya fremu. Alielewa kwamba mandhari yanayokuzunguka kila upande, jicho huyazoea na kuacha kuyaona. Nyumba hiyohiyo ilitufunza jambo lingine: ilijengwa kwenye ufuko kabisa, maji ya ardhini yakawa yanaisukuma sehemu yake ya chini kama mtumbwi, kuta zikapasuka, na hatimaye ikabidi zivalishwe bati.

Sebuleni tuliweka dirisha moja la mita 4, kizingiti chake cha chini kikiwa sentimita 60 kutoka sakafuni, ili aliyeketi aone maji chini ya matawi. Vyumba vya ziwani vina madirisha ya kawaida yenye kizingiti cha sentimita 50, hivyo mtu akilala kwa ubavu analiona ziwa. Mbele ya nyumba yote kuna veranda ya upana wa mita 2.4. Madirisha ya magharibi niliyachorea shata za mbao za kuteleza, yaani vifuniko vya nje vya dirisha, zenye vibao vya mlalo.

Maji taka. Rahisi ingekuwa kuyaacha yateremke yenyewe upande wa ziwa. Tulikataa kwa sababu mbili. Kinachovuja kutoka kwenye tanki hulisha mwani wa ziwa lilelile ambalo watoto wanaogelea. Na tanki lililozikwa kwenye ardhi ambayo siku moja itajaa maji, likiwa tupu, hunyanyuka na kukata mabomba yake. Tuliweka tanki la mita za ujazo 6 nyuma ya nyumba na uwanja wa kunywesha, yaani eneo ambamo maji yaliyotulia hunywewa na ardhi, karibu na barabara, na pampu ya kuyapandisha maji. Ukubwa wa tanki tuliukadiria kwa watu 17, wala si kwa wastani wa mwaka. Ukichukua lita 100 kwa mtu, hiyo ni lita 1,700 kwa siku, na maji yanahitaji siku mbili au zaidi kutulia ndani.

## Ujenzi

Ulichukua miezi tisa na kwa sehemu kubwa ulikwenda vizuri. Mwezi wa saba fedha zilianza kukaza, na tukaketi kupunguza. Viliondoka vitu viwili: shata za magharibi, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na mapazia, na tabaka la kuzuia sauti kati ya dari ya watoto na vyumba vya chini. Nilikubali vyote viwili. Nilijiambia kwamba miti ingetosha kwa jua, na kwamba watoto wakichoka hulala.

Siku ya kuezeka, fundi mkuu aliomba ruhusa ya kuchonga alama ya ule mstari wa maji kwenye nguzo ya kona ya kaskazini. Alipiga kamba ya usawa kutoka kwenye ule mwamba wa mpakani hadi nguzoni. Alama ingetua chini ya ardhi, kama sentimita 60, kwa hiyo akaandika kwa patasi mshale unaoelekea chini na tarakimu hizo. Haikuwamo kwenye ramani yangu. Sasa naiweka kwenye kila ramani ya nyumba iliyo karibu na maji.

## Matokeo ya miaka miwili

Mkusanyiko wa kwanza ulikuwa wa siku 16. Meza ya njiani ilikaliwa tangu asubuhi hadi usiku. Mama aliingia na kutoka upande wa nyuma bila kushikwa mkono. Hakuna aliyelalamikia ukubwa wa vyumba, kwa kuwa hakuna aliyekaa chumbani.

Alasiri ya pili nikapigiwa simu. Dada yao mmoja alikuwa amesimama sebuleni amejikinga macho kwa kiganja, akaniambia kwamba dirisha lile ninalolisifu haliwezi kutazamwa. Jua lilikuwa limeshuka chini ya matawi na kuingia ndani moja kwa moja, na jua la pili lilikuwa linatoka majini. Dari ya sebule, ambayo tuliipaka vanishi inayong'aa, ilikuwa inacheza mistari ya mwanga kwa zaidi ya saa moja. Mapazia yalipofungwa, upepo nao ukafungwa. Vyumba viwili vya ziwani vilikuwa na joto hadi usiku wa manane, ilhali vile vya upande wa barabara vilikuwa vimepoa. Kufikia wiki ya pili, waliogombania vyumba vya ziwani walikuwa wanaomba kubadilishana.

Watoto hawakulala. Miguu kumi na sita ya usiku, kama baba mmoja alivyoiita, ilitembea juu ya vichwa vya wazazi hadi saa sita.

Kisha nyumba ikafungwa miezi minne. Mwangalizi, kwa nia njema kabisa, alifunga kila kitu, pamoja na matundu ya hewa ya chini ambayo aliyaziba kwa magazeti ili wadudu wasiingie. Ilipofunguliwa, magodoro yote ya vyumba vinne yalikuwa na madoa ya ukungu upande wa chini, na mawili yalitupwa. Magodoro ya dari hayakuguswa na unyevu.

Pampu ya maji taka ilisimama mara moja, siku ya nne ya mkusanyiko wa pili, umeme ulipokatika kwa saa 20. Tanki lilikuwa na nafasi ya kupokea na hakuna kilichofurika.

Mwanzoni mwa mwaka wa pili shata ziliwekwa, dari ya sebule ikasuguliwa na kupakwa rangi isiyong'aa, na mwangalizi akapewa karatasi ya maagizo. Alasiri za mwaka wa pili zilikuwa tofauti kabisa.

## Uchambuzi

Kosa la jua nalichambua kwanza kwa sababu ndilo lililonifunza zaidi, na kwa sababu hesabu yake nilikuwa naijua. Veranda yenye upana wa mita 2.4 na boriti iliyo mita 2.4 juu ya sakafu hukinga ukuta wote jua linapokuwa juu ya nyuzi 45. Likishuka chini ya hapo, huanza kupanda ukutani. Likifika nyuzi 20, limeshapita chini ya boriti na linaingia sebuleni hadi ndani. Upenu, hata uurefushe vipi, hausaidii dhidi ya jua linalotua. Miti ilisaidia kwa muda, kisha jua likapita kati ya matawi na ardhi, ambapo ndipo hasa nilipotaka watu waone maji. Uwazi uliokuwa unaleta mandhari ndio uliokuwa unaleta jua.

Na maji yana tabia yake. Jua likiwa utosini, maji matulivu huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga. Likiwa nyuzi 20 kutoka upeo wa macho, huakisi kama asilimia 13, na likiwa nyuzi 10, asilimia 35 hivi. Kwa maneno mengine, saa ileile ambayo upenu umeshashindwa ndiyo saa ambayo ziwa linageuka kioo, na mwanga wake unakuja kutoka chini, ambako hakuna upenu. Kwa nyumba inayotazama ziwa upande wa magharibi, shata za nje ni sehemu ya ukuta. Nilipoziruhusu ziondoke kwenye bajeti kama pambo, niliondoa ukuta. Kama ilibidi kupunguza, ningepunguza mita moja ya veranda au kabati za jikoni, ambazo mtu huweza kuziongeza baadaye bila kusumbua nyumba. Na pazia si mbadala wa shata hata likiwa zito: joto likishavuka kioo limeshaingia.

Vyumba vya upande wa barabara vilishinda kwa bahati nusu na kwa mpango nusu. Upepo wa usiku unaotoka nchi kavu niliufikiria kwa ajili ya meza, sikuufikiria kwa ajili ya vitanda. Leo ningevipeleka vyumba vyote vya kulala upande wa nchi kavu na kuuacha upande wa ziwa kwa watu walioamka. Ningeshindana na familia kulipata hilo, maana kila anayejenga ziwani huota kuamka akiona maji. Lakini dirisha la chumba cha kulala hutazamwa dakika chache asubuhi, na joto lake hulaliwa usiku kucha.

Kuhusu ukungu, nilisanifu vizuri nikashindwa kueleza. Ukungu huota kwenye uso wa kitu pale unyevu wa hewa inayougusa unapozidi takriban asilimia 80 kwa muda mrefu, na kando ya ziwa hilo si jambo la nadra. Nyumba ilikuwa na matundu ya chini na ya juu, yenye wavu wa mbu, ili hewa ipite hata milango ikifungwa. Dari ilipona kwa sababu matundu ya juu hayakuwa yamefikiwa na mtu. Ila mtu anayetunza nyumba tupu kwa moyo huona tundu kama kosa la fundi. Karatasi tuliyomwandikia baadaye ina mistari sita: matundu yasizibwe, magodoro yasimamishwe kwa ubavu, makabati yaachwe wazi, mapazia yafunguliwe nusu, madirisha yafunguliwe kutwa moja kila wiki mbili, na pampu iwashwe mara moja kwa mwezi ikiwa na maji. Karatasi hiyo ni sehemu ya usanifu na ilipaswa kukabidhiwa siku ileile ya funguo. Nyumba hii hukaa tupu zaidi ya siku 250 kwa mwaka, nami nilikuwa nimeichora kana kwamba siku hizo hazipo.

Sauti ya dari sina la kuitetea. Mbao tupu juu ya boriti tupu hupitisha kila hatua. Tabaka lile lingegharimu kidogo sana wakati sakafu ya juu iko wazi. Sasa itabidi dari ya vyumba vinne ibomolewe. Familia imeamua kuvumilia, na wajukuu wanakua.

Kugawa nyumba pande mbili kumefanya kazi kupita nilivyotarajia. Wikendi nyingi inafunguliwa sebule tu na vyumba viwili, usafi unachukua saa moja, na hakuna anayeondoka Jumapili akiwa amechoka kuliko alivyokuja. Njia ya katikati ina dosari moja: siku za dhoruba upepo unaopita pale huangusha vikombe. Tumechora mlango wa vibao wa kuteleza kwa upande wa ziwa. Zamu ya vyumba nayo inakwenda bila ugomvi, ingawa kwa sababu nyingine kabisa na ile niliyoipangia: kila mmoja sasa anataka cha upande wa barabara.

Ziwa lilipanda sentimita 40 mwaka wa pili. Nyumba ya jirani, iliyojengwa mita 12 kutoka majini kama mchoro wangu wa kwanza, haikuingia maji, ila choo chake kilianza kurudisha maji ndani na bustani yake ikawa tope kwa miezi miwili.

Linabaki jambo moja ambalo halijakamilika, na ndilo linaloniuma. Mama aliyeirudisha nyumba nyuma kwa swali lake ndiye aliyekuwa mbali zaidi na maji. Ndani ya nyumba na nyuma yake anatembea atakavyo, lakini kutoka veranda kwenda ufukweni kuna ngazi sita za sentimita 15, kisha mita 34 za nyasi zisizo sawa. Nilimfikiria alipokuwa anaingia nyumbani. Sikumfikiria alipokuwa anataka kwenda ziwani. Katika miaka miwili amefika majini mara mbili, mara zote mbili akiwa amebebwa kwenye kiti na wajukuu wakubwa. Aliniambia hilo bila lawama, tukiwa tumeketi verandani, na niliporudi ofisini nilichora njia ya mteremko ya mita 11 inayoshuka ubavuni mwa nyumba kwa uwiano wa 1 kwa 12, yenye ukingo wa kushika, kisha njia ya mawe bapa inayopita kivulini mwa miti, ikiwa na benchi kila baada ya mita 10. Mawe yameshafika kiwanjani. Fundi ni yuleyule wa nguzo, anaanza baada ya mvua.